Bwana Shamba Anajibu: Kwa Nini Dawa ya Magugu Imeshindwa Jarubani?

Barua nyingi zilizofika mezani kwetu mwezi huu zimeandikwa na watu wanaoishi Dar es Salaam na kulima mpunga kwingine. Wenyewe hutaniwa kuwa ni wakulima wa simu, ingawa nawafahamu wengi wao ambao hupanda basi kila Jumamosi alfajiri na kurudi Jumapili jioni wakiwa na tope kwenye viatu. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu yaliyomkuta mwandishi wake yamewakuta wengi, na wengi wao wamemlaumu muuza dawa peke yake.

*Ndugu Mtaalamu, mimi ni mtumishi, ninaishi Tabata na nimekodi ekari tatu katika bonde la Ruvu. Msimu huu nilimwaga mbegu ya SARO 5 moja kwa moja kwenye majaruba kwa kuwa vibarua wa kupandikiza walikuwa ghali. Siku ya 38 niliona magugu yamejaa, nikaenda kwenye duka la pembejeo, nikauziwa tufodi na kuambiwa kwamba inamaliza magugu yote ya mpunga. Yale ya majani mapana yalikufa, lakini yale membamba yanayofanana na mpunga yalizidi kustawi. Siku ya 58 nikarudia kupulizia, safari hii kwa kipimo maradufu. Sasa baadhi ya mashina ya mpunga yana majani yaliyojiviringa kama ya kitunguu, na magugu yale bado yamesimama. Je, niliuziwa dawa bandia? Nifanye nini sasa, na msimu ujao nifanyeje? — Msomaji, Tabata.*

Ndugu msomaji, pole kwa hasara. Hata hivyo barua yako yenyewe inaonyesha kwamba dawa ilikuwa ya kweli, kwa kuwa magugu ya majani mapana yalikufa, na mpunga wako nao umeonyesha dalili ambazo maji matupu yenye rangi yasingeweza kuzileta. Tufodi, ambayo kwenye lebo huandikwa 2,4-D, ni kiuagugu cha zamani, kimekuwa sokoni tangu miaka ya 1940, na hufanya kazi kwa kuiga homoni ya ukuaji ya mmea. Mmea wa majani mapana ukiipokea hukua bila mpangilio, hupinda, kisha hufa. Mimea ya jamii ya nyasi huistahimili kwa kiasi kikubwa, na hiyo ndiyo sababu tunaweza kuitumia ndani ya mpunga, kwa kuwa mpunga wenyewe ni nyasi. Sasa fikiri: dawa inayouacha mpunga uendelee kuishi kwa kuwa ni nyasi, itawezaje kuliua gugu ambalo nalo ni nyasi? Aliyekwambia kwamba inamaliza magugu yote ama hakujua anachouza, ama alijua na akanyamaza.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kufungua pochi, ni kulijua gugu lenyewe. Magugu ya jarubani yapo katika makundi matatu, na kuyatenganisha hakuhitaji maabara. Ling'oe gugu, kisha liviringishe shina lake katikati ya kidole gumba na cha shahada: shina la pembe tatu ni la jamii ya ndago, hata kama majani yake ni membamba. Shina la mviringo au bapa, lenye vifundo na majani marefu yenye mishipa inayokwenda sambamba, ni la nyasi. Yanayobaki, yenye majani mapana na mishipa iliyosambaa kama wavu, ni kundi la tatu. Tufodi hushughulikia kundi hili la tatu pamoja na ndago nyingi zinazoota kwa mbegu kila msimu. Ndago yenye vishina vinavyofanana na shanga chini ya ardhi huunguzwa majani tu na kuchipua tena, ingawa hiyo haipendi maji yaliyosimama na hukusumbua zaidi penye miinuko na kwenye kingo.

Gugu lako bila shaka ni mojawapo ya nyasi za jamii ya Echinochloa, ambazo ndizo adui mkubwa wa mpunga wa mabondeni karibu duniani kote kwa sababu zinajificha kwa kufanana nao. Ziko alama za kuzitambua zikiwa bado changa. Vuta jani la mpunga polepole mpaka pale linapoachana na shina: utaona kijiulimi cheupe chembamba kama karatasi na vijisikio viwili vyenye vinyweleo. Fanya hivyo hivyo kwa gugu hili na hapo utapakuta patupu, hapana ulimi wala masikio. Nawashauri wote wanaoajiri vibarua wa palizi wawaonyeshe jambo hili siku ya kwanza asubuhi, kwa kuwa nimewahi kuona kibarua mwenye bidii akiung'oa mpunga na kuliacha gugu limesimama kwa heshima zote.

Jambo la pili ni umri, wa gugu na wa mpunga pia. Dawa nyingi zinazoua nyasi ndani ya mpunga, kama vile propanili, hutaka gugu likiwa na majani mawili hadi matatu, yaani takriban siku 10 hadi 20 baada ya kumwaga mbegu. Bispairibaki-sodiamu huvumilia gugu lililokua kidogo zaidi, lakini nayo haifanyi miujiza kwa nyasi iliyokwisha kutoa machipukizi. Siku ya 38 ulikuwa umechelewa hata kama ungeuziwa dawa sahihi. Isitoshe, mpunga huumia zaidi kwa magugu yanayoota nao pamoja katika siku 30 hadi 45 za mwanzo, wakati unapotoa machipukizi, na magugu yakiachwa bila kuguswa msimu mzima yanaweza kuchukua kuanzia robo hadi robo tatu ya mavuno, na zaidi ya hapo katika mpunga wa kumwaga. Mkulima anayengoja mpaka magugu yaonekane kutoka barabarani huwa anapulizia ili kutuliza moyo wake tu, maana hasara imekwisha kuingia.

Kuhusu majani yaliyojiviringa kama ya kitunguu, hayo ni matokeo ya tufodi kuwekwa katika wakati usiofaa. Mpunga huistahimili tangu unapokuwa na majani manne hivi mpaka unapokaribia kumaliza kutoa machipukizi. Kabla ya hapo ni mchanga mno, na baada ya hapo unaanza kutunga suke ndani ya shina, ambapo homoni yoyote ya bandia huvuruga kazi hiyo. Kwa mbegu inayokomaa kwa takriban siku 120 kama SARO 5, suke huanza kutungwa karibu siku ya 55 hadi 60. Wewe ulipulizia siku ya 58, tena kwa kipimo maradufu. Tarajia kwamba baadhi ya masuke yatatoka yamepinda au yatakuwa na mapepe mengi, yaani punje tupu.

Kwa sasa usiongeze dawa yoyote, na usijaribu kuusaidia mpunga kwa kumwaga urea nyingi, kwa kuwa nyasi zile zitaila kwanza. Weka maji yasikauke katika kipindi hiki cha kutunga suke, kisha tafuta watu wapite wakiyakata masuke ya magugu kabla hayajapukutisha mbegu. Kazi hiyo haitaongeza sana mavuno ya mwaka huu, lakini shina moja la nyasi hii linaweza kuangusha maelfu ya mbegu, na zote zitakungoja hapo hapo jarubani.

Msimu ujao anza na maji, kwa sababu maji ndiyo dawa ya kwanza ya magugu na tayari unayalipia ada kwenye skimu. Mbegu za nyasi nyingi huota kwa shida chini ya maji yenye kina cha sentimita tano au zaidi, ilhali mche wa mpunga uliopandikizwa hustawi humo bila taabu. Lakini maji hayawezi kufunika jaruba lenye vilima. Ukipita katika majaruba baada ya palizi kuchelewa utaona magugu yamejipanga kama visiwa, na kila kisiwa ni mahali ambapo pawatila ilivuruga tope na mtu hakurudi kusawazisha. Fedha utakayotumia kumlipa mtu avute ubao wa kusawazishia kwa siku moja zaidi ni ndogo kuliko bei ya dawa utakayoihitaji baadaye.

Pandikiza ukiweza, kwa mistari, sentimita 20 kwa 20. Najua umesema vibarua ni ghali, na sikatai, lakini miche iliyopandikizwa huwa imeyatangulia magugu kwa wiki mbili hadi tatu, na mistari hukuruhusu kutumia kipalizi cha kusukuma kwa mkono. Ukipandikiza unaweza pia kutumia dawa inayozuia mbegu za magugu zisiote, kama vile butakloro, kwa kawaida siku tatu hadi sita baada ya kupandikiza, kukiwa na maji ya kina kifupi yanayokaa bila kufunguliwa kwa siku kadhaa ili dawa itulie juu ya tope. Dawa hiyo hiyo ikiwekwa juu ya mbegu ya mpunga iliyomwagwa inaweza kuidhuru mbegu hiyo pia. Kama hutakuwa na budi ila kumwaga, tafuta pretilakloro iliyochanganywa na kinga ya mpunga, yaani kiambato kinachouzuia mpunga usidhuriwe na dawa hiyo, na uhakikishe lebo inataja wazi mpunga wa kumwagwa.

Dawa zinazopuliziwa juu ya majani, kama propanili, zina utaratibu wa kinyume: toa maji kwanza ili gugu lote liwe wazi, pulizia, kisha rudisha maji baada ya siku moja hadi tatu ili yazuie uotaji mpya. Watu wengi husahau sehemu hii ya mwisho. Mkulima hupulizia, hufurahi kuona majani yameungua, anarudi mjini, na wiki mbili baadaye jaruba lililobaki kavu lina kizazi kipya cha magugu. Kisha anatangaza kwamba dawa ni feki.

Sasa kipimo. Kizibo kimoja kwa bomba, kipimo kinachosemwa sana mashambani, hakina maana yoyote mpaka ujue bomba zako zinaingia ngapi katika ekari. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, tia maji matupu yaliyopimwa, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Ukiwa umetumia lita mbili, basi ekari moja, ambayo ni karibu mita za mraba 4,000, itahitaji lita 80, yaani bomba tano za lita 16. Lebo ikisema nusu lita kwa ekari, kila bomba litapata mililita 100. Sasa mpe bomba hilo kibarua anayetembea polepole na kutumia lita tatu kwenye mraba ule ule: atamaliza lita 120 kwa ekari, na kwa mililita 100 kila bomba atakuwa ameweka dawa mara moja na nusu bila kukusudia. Ndiyo maana anayepimiwa lazima awe yule atakayepulizia. Tumia pia nozo, yaani ncha ya bomba inayotokea dawa, inayotoa mnyunyizo bapa kama upepeo, maana ile ya duara ni ya wadudu na hutawanya dawa bila usawa.

Kuhusu dawa bandia, wasiwasi wako si wa bure, kwani zipo. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili inayosomeka, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti. Viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiiguse hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Mwisho, maji ya jaruba lililopuliziwa yasifunguliwe kwenda mferejini kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo kupita. Butakloro ni sumu kali kwa samaki. Na wewe unayeishi Tabata una sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu: Mto Ruvu ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambako sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka.

*Shikamoo Bwana Shamba. Nina robo ekari ya mpunga bonde la Mzinga, huku Mbagala. Pembeni yangu majirani wanalima mchicha na matembele, na mimi pia nina matuta machache ya matembele ya kuuza. Mwanangu ameazima bomba anataka kupulizia dawa ya magugu kwenye mpunga. Je, kuna ubaya? — Mama Wawili, Mbagala.*

Marahaba, Mama Wawili. Mwambie mwanao alirudishe bomba la watu. Matembele na mchicha ni mimea ya majani mapana, hivyo tufodi haitofautishi kati yake na magugu, na tone dogo lililochukuliwa na upepo wa kutoka baharini linatosha kuyakunja majani ya jirani. Kesi ya namna hiyo huanzia kwa mjumbe na haijulikani itaishia wapi. Zaidi ya hilo, masalia yanayobaki ndani ya bomba na kwenye mpira wake ni magumu kuyaosha. Bomba lililotiwa tufodi leo likatumika kesho kupulizia dawa ya wadudu kwenye matembele linaweza kuyaharibu yote, na mtu ataapa kwamba ni ugonjwa.

Kwa robo ekari palizi ya mkono inatosha, mradi iwe kwa wakati: ya kwanza kati ya siku ya 14 na ya 21 baada ya kupandikiza, ya pili wiki mbili hadi tatu baada ya hapo. Kati ya palizi hizo weka maji yafunike tope. Kama mwanao ameshapulizia kabla ya jibu hili kukufikia, hakikisha bomba halikuoshewa kisimani, na chupa isigeuzwe ya kuwekea mafuta ya taa wala maji. Isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba na kupuliziwa humo humo shambani, kisha itobolewe.

*Ili kupunguza gharama za kibarua, naweza kuchanganya propanili na dawa ya wadudu katika bomba moja? — Msomaji, Kimara.*

Hapana, na katazo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mpunga haufi kwa propanili kwa sababu una kimeng'enya kinachoivunjavunja dawa hiyo ndani ya jani, ambacho magugu mengi hayana kwa kiwango cha kutosha. Dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti, kama vile malathioni na klopirifosi, na za kundi la kabameti, hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo mpunga unabaki bila kinga na kuungua pamoja na magugu. Wala usizitumie kwa siku tofauti zilizokaribiana: acha wiki mbili, kabla na baada.

Kwa kuwa umetaja kibarua, mnunulie glovu za mpira, buti, shati la mikono mirefu na miwani. Nimechoka kuona mtu mzima akipulizia kwa kaptula na ndala huku mwenye shamba amesimama mbali upande usio na upepo. Tufodi hudhuru macho vibaya, na propanili ikiingia mwilini kwa wingi huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, midomo na kucha zikageuka rangi ya bluu. Anayeonyesha dalili hizo apelekwe hospitali mara moja pamoja na lebo ya dawa, bila kutapishwa na bila kupoteza muda kwa maziwa.

*Nina shamba Ifakara lililovamiwa na mpunga pori. Nimejaribu dawa mbili za magugu ya mpunga bila mafanikio. Ipo inayoufaa? — Msomaji, Ubungo.*

Kwa mbegu za kawaida zinazolimwa na wakulima wetu, haipo ya kupulizia mpunga ukiwa umeshaota, kwa sababu mpunga pori ni ndugu wa damu wa mpunga wako na hustahimili kile kile unachostahimili. Lazima uupige kabla hujapanda. Tayarisha jaruba, lipe maji kidogo ya kuotesha, acha mpunga pori na magugu mengine yaote, kisha uyaue kwa glaifosati au kwa kuyavuruga topeni, na ikiwezekana rudia mara ya pili kabla ya kupandikiza. Ukitumia glaifosati, ichanganye kwa maji safi, kwa kuwa udongo uliomo ndani ya maji ya mferejini huinasa na kuifanya isiwe na nguvu. Pulizia siku ambayo haina dalili ya mvua kwa saa sita hivi, na kumbuka kwamba huua kila jani la kijani inaloligusa, mpunga ukiwemo.

Upo mpunga pori wa kudumu, unaotambaa kwa mashina ya chini ya ardhi. Huo ulimie wakati wa kiangazi ili mashina hayo yageuzwe juu na kukaushwa na jua, maana ukilima penye unyevu tu unayakata vipande na kuyapanda upya. Panda kwa mistari, na chochote kilichoota nje ya mstari king'olewe mapema, kwa kuwa mbegu za mpunga pori hupukutika kabla ya wakati wa mavuno na hutazipata kwenye gunia. Na kabla ya mashine ya kuvuna kuingia shambani kwako ikitoka kwa jirani, mwombe dereva aisafishe hapo nje, hata kama atanung'unika na foleni ya wanaoisubiri ni ndefu.